Barua ya wazi kuhusu vibali vya ndege: mpeni mwongozaji nafasi ya kusikiliza

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi, Kampala;
kwa Mkurugenzi Mkuu na Bodi ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, Entebbe;
nakala kwa wakuu wa chuo cha urubani Soroti na wa Jeshi la Anga.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Ninaloliomba halihitaji jengo jipya wala mkopo wa nje. Naomba mwongoza ndege alindiwe nafasi ya kumsikiliza rubani anaporudia maagizo, na siku atakapoandika kwamba hakusikia vizuri, asigeuzwe mshtakiwa.

Mimi ni mwongoza ndege mstaafu. Nilifanya kazi hiyo katika ukanda wetu huu mpaka umri uliponitoa, na sasa naishi Entebbe. Naandika hadharani, tena kwa Kiswahili, kwa sababu abiria wanaopanda ndege hapa kwenda Nairobi, Juba, Dar es Salaam au Bujumbura wana haki ya kujua usalama wao unashikiliwa na nini, na hii ndiyo lugha wanayokutana nayo wote.

Kwa ajili yao nieleze kwanza kazi yenyewe. Kabla ndege haijaondoka kwenye maegesho, rubani huomba kibali. Mwongozaji humsomea: unaruhusiwa kwenda Nairobi, kwa njia hii, kwa kimo hiki cha kuanzia, na transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, uweke namba hii. Rubani huandika, kisha huyasoma yote upya hewani. Mwongozaji husikiliza, hulinganisha na alichosema, na yakilingana humjibu kwamba ni sahihi. Ndivyo inavyofanyika pia kwa kila kimo kipya, kila uelekeo, kila namba ya kurekebishia altimita, yaani kipima kimo, na hasa kwa kila ruhusa ya kuingia, kuvuka, kutua au kuruka katika njia ya kurukia.

Kwa hiyo kazi ina nusu mbili. Nusu ya kwanza, rubani kurudia, inaonekana na kila mtu, na rubani asiyeirudia huulizwa papo hapo. Nusu ya pili, mwongozaji kuyasikiliza marudio hayo, haina sauti. Hakuna anayeiona ikifanyika, na hakuna anayeiona ikiachwa. Imo katika kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, kama ile ya kwanza, lakini kazi inapozidi ndiyo inayoibiwa kabla ya nyingine zote. Simu inalia, mwongozaji anaipokea huku rubani bado anasoma. Ndege nyingine inaita, naye anakata marudio ya ile ya kwanza kwa kusema "sawa". Siku nyingi hakuna linaloharibika, na ndiyo maana tunazoea.

Tarehe 19 Februari 1989 ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 ya shirika la Flying Tiger ilikuwa inakaribia Kuala Lumpur, Malaysia, ikitokea Singapore. Mwongozaji alitaka ishuke mpaka futi 2,400. Hakusema "elfu mbili na mia nne" kama kanuni inavyotaka. Alitaja tarakimu moja moja, kwa Kiingereza: shuka, mbili nne sifuri sifuri. Katika Kiingereza tarakimu ya mbili na neno la "hadi" hutamkwa sawasawa, na marubani wakasikia: shuka hadi nne sifuri sifuri. Rubani akarudia alichosikia, kwamba anashuka mpaka futi 400. Marudio yalikuwa na kosa waziwazi, yalisikika mnarani, na hakuna aliyeyasahihisha. Ndege iligonga kilima kabla ya kufika uwanjani, na wafanyakazi wote 4 waliokuwamo walikufa.

Nimewahi kuwasimulia vijana kisa hiki, na mara zote wanakimbilia kosa la kwanza, lile la kutaja tarakimu moja moja. Ni kosa kweli. Lakini mfumo wetu umejengwa ukijua kwamba watu watakosea kutamka na watakosea kusikia. Marudio yamewekwa kwa ajili hiyo. Siku hiyo rubani aliutoa ushahidi wa kutoelewana kwake kwa sauti yake mwenyewe, na ulihitaji sikio moja tu la kuupokea.

Mwaka wa 1980, tarehe 25 Aprili, Boeing 727 ya Dan-Air kutoka Manchester ilikuwa inaelekea kutua Tenerife, Hispania. Mwongozaji alitaka izunguke kwa kukata kona za kushoto wakati ikisubiri zamu, lakini neno la Kiingereza la kona akalitamka kwa umoja badala ya wingi. Marubani wakaelewa kwamba wakate kona moja ya kushoto, wakaifuata, na ikawapeleka milimani. Watu 146 walikufa. Herufi moja ilipungua, na hakuna aliyemuuliza mwenzake ana maana gani.

Kisiwa hicho hicho tayari kilikuwa na msiba mkubwa kuliko wote katika historia ya usafiri wa anga. Tarehe 27 Machi 1977 uwanja wa Los Rodeos ulijaa ndege zilizogeuzwa njia kwa sababu bomu lilikuwa limelipuka katika uwanja wa Las Palmas. Ukungu ukashuka. Boeing 747 ya KLM ilikuwa imekaa mwanzo wa njia ya kurukia, na Boeing 747 ya Pan Am ikitembea juu ya njia ile ile kuja upande wake. Mwongozaji aliwasomea KLM kibali cha safari, yaani njia watakayofuata wakishakuwa hewani. Ndani ya maneno hayo lilikuwamo neno la kuruka. Rubani msaidizi alirudia kibali, akaongeza mwishoni kwamba sasa wako katika kuruka. Mwongozaji alidhani wanamaanisha wako tayari, akasema sawa, kisha akawaambia wasubiri, atawaita. Wakati huo huo Pan Am nao walikuwa wanasema bado wako kwenye njia. Sauti mbili zilipokutana katika masafa mamoja ya redio, ndani ya chumba cha KLM kilichosikika vizuri ni lile "sawa" tu, na lililofuata likamezwa na mlio. Mhandisi wa KLM aliuliza kama Pan Am wameshatoka. Nahodha akajibu kwamba ndiyo. Watu 583 walikufa.

Baada ya hapo dunia ilibadili maneno. Leo neno la kuruka halitamkwi hewani ila pale mwongozaji anapotoa ruhusa yenyewe ya kuruka, au anapoifuta. Wakati mwingine wowote husemwa kuondoka. Ninalipenda badiliko hilo kwa sababu halikuanza na swali la nani afungwe. Liliuliza neno gani liliwadanganya watu wazima, wenye uzoefu, waliotaka kufika salama kama abiria wao.

Sasa nije kwetu.

Entebbe si uwanja mdogo wa pembeni. Shirika letu la ndege lilirudi angani Agosti 2019, na leo ndege zake zinaunganisha miji mingi ya kanda hii na mingine ya mbali. Umoja wa Mataifa una kituo kikubwa hapa, na ndege zake zinaendeshwa na marubani kutoka nchi nyingi. Jeshi la Anga lina kambi hapo hapo. Kajjansi, ambayo haiko mbali, hurusha ndege ndogo za watalii na wagonjwa kwenda Kidepo, Kasese, Kihihi na Kisoro, na marubani wake wanapita katika anga ile ile. Hoima nayo imejengewa uwanja wa Kabalega wenye njia ya kurukia ya kilomita 3.5, ambao utahitaji waongozaji wake. Na tuna ziwa. Anayeishi ufukweni hapa anajua radi za usiku wa manane na alfajiri. Mawingu yale yakisimama, kila rubani anaomba kukwepa, mmoja kushoto, mwingine kulia, wa tatu anataka kushuka, wa nne anauliza kama Kigali kunatulika. Masafa yanajaa mpaka hakuna nafasi ya kuvuta pumzi. Saa hiyo ndiyo mwongozaji anahitaji kusikiliza kuliko saa nyingine yoyote, na ndiyo saa ambayo simu za vituo vya jirani nazo hazitulii.

Niseme nilichokishuhudia, katika mnara ambao sitautaja wala nchi yake. Mwenzangu alimpa rubani mmoja ruhusa ya kupanda mpaka futi elfu kumi. Rubani akarudia elfu kumi na moja. Kwenye elfu kumi na moja kulikuwa na ndege nyingine inakuja kinyume chake. Mwenzangu hakusikia kwa sababu sikio lake moja lilikuwa kwenye simu, anapatana na kituo cha jirani kuhusu ndege ya tatu, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuishika simu ile. Aliyeokoa ni rubani wa ndege nyingine kabisa, aliyekuwa katika masafa hayo hayo, akasema kwa upole kwamba anadhani yule bwana amerudia kumi na moja. Ikasahihishwa. Abiria hawakujua lolote.

Mwenzangu alikuwa mtu muungwana. Usiku ule ule aliandika ripoti kwa mkono wake, akaeleza kila kitu, pamoja na habari ya simu. Baada ya muda si mrefu aliondolewa katika nafasi yake, na katika faili lake liliandikwa neno uzembe. Simu ilibaki pale pale, na mtu wa kuipokea hakuongezwa. Lililobadilika ni kwamba sisi wengine hatukuandika tena ripoti. Tulipokutana na jambo kama lile tulitazamana, tukanyamaza, tukashukuru Mungu, zamu ikaisha.

Waheshimiwa, hasira yangu yote iko hapo, na sitaki kuificha. Mnara ambao hauna ripoti si mnara salama. Huenda ni mnara ambao watu wake wamejifunza kunyamaza. Mkiona mezani kwenu karatasi safi miezi yote, msifurahi haraka.

Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga ambao nchi yetu imo, kinasema lengo pekee la kuchunguza ajali au tukio ni kuzuia lingine, si kugawa lawama. Marekani ilikwenda hatua zaidi mwaka 1976. Iliunda utaratibu ambao rubani au mwongozaji anaandika kosa lake na kulipeleka NASA, chombo ambacho hakina mamlaka juu ya leseni yake. Jina lake linaondolewa, simulizi linabaki. Miaka mitano baadaye, mwaka 1981, watafiti wa NASA waliokuwa wamepitia ripoti zipatazo 28,000 walionyesha kwamba zaidi ya asilimia 70 kati yake zilikuwa na tatizo la habari kutofika sawasawa kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Jambo hilo lisingejulikana kwa kukagua mabaki ya ndege. Lilijulikana kwa sababu watu waliandika bila hofu.

Sisi tuna bahati ambayo hatujaitumia ipasavyo. Hapa hapa Entebbe ndiko yaliko makao makuu ya CASSOA, wakala wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaosimamia usalama wa anga, ulioanzishwa mwaka 2007. Naomba ripoti za waongozaji na marubani wa Uganda zipelekwe huko, si kwa bosi wa zamu, na zisomwe na watu wasioweza kumfukuza aliyeandika. Zichanganywe na za Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na Sudan Kusini, ili hata majirani wasiweze kukisia ni ya nani. Na mtu aruhusiwe kuandika kwa lugha anayofikiria nayo. Anayejua kueleza hofu yake kwa Kiswahili aandike Kiswahili. Ukimlazimisha kutumia Kiingereza cha ofisi, atakuletea maneno ya ofisi na ukweli utabaki kwake.

Nikitaja Kiswahili, kuna jambo ambalo baadhi ya wapenzi wenzangu wa lugha hii hawatalifurahia. Nimesikia hoja kwamba kwa kuwa Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa Katiba, basi nacho kiingie kwenye redio ya mnara, angalau baina ya marubani na waongozaji wa Afrika Mashariki. Nakipenda Kiswahili, lakini nakataa. Kanuni za kimataifa zinaruhusu lugha ya kituo cha ardhini pamoja na Kiingereza, hilo najua. Hata hivyo kumbukeni yule rubani wa tatu aliyeokoa ndege mbili zisizo zake. Aliokoa kwa sababu alielewa kila kilichosemwa. Tarehe 25 Mei 2000, katika uwanja wa Charles de Gaulle, Paris, mwongozaji alizungumza Kifaransa na ndege ya abiria ya Kifaransa na Kiingereza na ndege ndogo ya mizigo ya Kiingereza. Ndege ndogo iliingia kwenye njia ya kurukia wakati ile kubwa inakimbia kuruka. Marubani wa ndege ndogo walikuwa katika masafa yale yale, lakini ruhusa ya kuruka ilitolewa kwa lugha wasiyoielewa. Bawa la ile kubwa lilipasua chumba cha marubani, na rubani msaidizi akafa. Rubani kutoka Ukraine, India au Ethiopia anayesubiri kuingia njiani pale Entebbe ana haki ya kusikia kila ruhusa inayotolewa. Hewani kibaki Kiingereza kimoja kwa wote. Kiswahili kina kazi yake kubwa nje ya redio, nami nitaifikia.

Kuhusu Kiingereza chenyewe, tusijidanganye kwa vyeti. Tarehe 12 Novemba 1996, juu ya Charkhi Dadri nchini India, ndege ya Kazakhstan iliyoruhusiwa kushuka mpaka futi 15,000 ilishuka chini ya hapo ikagongana na ya Saudia iliyokuwa imepewa futi 14,000. Watu 349 walikufa, na udhaifu wa lugha ulikuwa sehemu ya simulizi. Baadaye ICAO ikaweka mtihani wa lugha kwa marubani na waongozaji wa safari za kimataifa, wenye ngazi 6, ambapo ya 4 ndiyo ya chini inayokubalika na hurudiwa kila baada ya miaka 3. Ni mtihani mzuri. Lakini mtu anafanyiwa akiwa amekaa kwenye kiti, chumba kimya, sauti moja. Haupimi kama ataona aibu kusema "rudia tena" kwa mara ya tatu kwa nahodha mwenye sauti nzito wakati ndege nyingine zinasubiri. Kuuliza si ujinga, tunawafundisha watoto, kisha tunawacheka watu wazima wakiuliza hewani. Nimewasikia marubani wakiwajibu vijana wa mnarani kwa dharau, na nimewasikia waongozaji wakifanya hivyo hivyo kwa wanafunzi wa urubani. Hilo linarekebishwa na wakubwa, yaani ninyi. Mkisema rasmi, kwa waraka, kwamba kuuliza mara tatu ni kazi iliyofanywa vizuri, kijana atapata pa kushika.

Sitaki mtegemee marudio peke yake, kwa maana hayo nayo yana mwisho wake. Tarehe 2 Januari 2024 katika uwanja wa Haneda, Tokyo, ndege ya walinzi wa pwani iliyokuwa inapeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko iliambiwa iende mpaka alama ya kusubiria, na kwamba ni ya kwanza katika foleni ya kuondoka. Rubani alirudia sawasawa. Marudio hayakuwa na kosa hata moja. Lakini alielewa kwamba amepewa njia, akaingia, akasimama pale sekunde zipatazo 40 mpaka ndege ya Japan Airlines iliyokuwa inatua ikamgonga. Watu 5 kati ya 6 waliokuwa katika ndege ya walinzi walikufa. Wote 379 wa ndege kubwa walitoka hai, na wahudumu wake wanastahili heshima ya dunia nzima. Kwenye skrini ya mnara kulikuwa na alama ya kuonyesha njia imeingiliwa, na hakuna aliyeiona kwa wakati. Wajapani walichukua hatua upesi: waliacha kwa muda kuwatajia marubani nafasi yao katika foleni, na wakaweka mtu ambaye kazi yake ni kuitazama skrini ile.

Naomba makamanda wa Jeshi la Anga wasome habari ya Haneda kwa makini ya pekee. Ndege ya serikali iliyo katika shughuli ya haraka na ndege ya abiria zilishiriki njia moja, na haraka njema ikampa mtu sikio la kusikia alichokitamani. Entebbe inazikutanisha ndege za namna hiyo. Na majirani zetu wa Nairobi walipata msiba tarehe 5 Machi 2024, pale ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa imeruka kutoka uwanja wa Wilson ilipogongana angani na Cessna ya mafunzo, juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Wawili waliokuwa katika Cessna walikufa. Sisemi hapa nani alikosea. Nasema tu kwamba ndege ndogo na kubwa, mwanafunzi na nahodha, wanashiriki anga moja, na kwetu ni hivyo hivyo.

Basi ninayoyaomba yanatoka hapo. Saa za msongamano wa ndege, na saa za dhoruba ya ziwa, anayeshika redio asishike simu. Awepo wa pili wa kupatana na Nairobi, Mwanza, Kigali na wengine, na huyo wa pili awe na ruhusa ya kumgusa mwenzake bega akisikia marudio yenye kosa. Kama watumishi hawatoshi kwa hilo, punguzeni ndege zinazopokelewa kwa saa hiyo, ziondoke kwa kupishana. Mashirika yatalalamika. Acheni yalalamike. Kabalega isifunguliwe kwa kuchota waongozaji wa Entebbe na kuacha zamu za Entebbe na pengo. Wafundishwe wapya mapema, wakae pembeni ya wakongwe muda wa kutosha.

Pili, na hili ndilo lililo karibu zaidi na moyo wangu, fungueni chumba cha kusikiliza. Kila neno linalosemwa kwenye masafa linarekodiwa, lakini rekodi hizo kwa kawaida husikilizwa kukiwa na mashtaka. Zisikilizwe kukiwa na amani. Kila mwezi, waongozaji wachache wakae na rubani wa ndege za abiria, rubani wa Kajjansi, wa Umoja wa Mataifa, wa jeshi na wanafunzi wawili watatu wa Soroti. Zichezwe rekodi za siku ya kawaida, majina yakiwa yameondolewa. Wasimamishe, waulizane: hapa wewe ulielewa nini? Mwongozaji atashangaa kusikia kwamba maneno anayoyasema haraka kwa ajili ya kuwasaidia marubani, wao wanayasikia kama upepo. Rubani atashangaa kuambiwa kwamba akijibu "sawa" bila kurudia namba, kuna mtu mnarani anayebaki na wasiwasi kwa dakika tano zijazo.

Na katika chumba hicho ndipo Kiswahili kitafanya kazi yake. Chuo cha Soroti kilianzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza, kwa ajili ya Mkenya, Mtanzania na Mganda kwa pamoja. Vijana wake walijifunza kuruka kwa Kiingereza, na wakafundishana kwa Kiswahili jioni yale ambayo darasani hawakuthubutu kuuliza. Tuuhalalishe utaratibu huo. Watu wakizungumza kwa lugha ya nyumbani, husema pia "hapa niliogopa", na neno hilo halijawahi kuandikwa katika fomu yoyote niliyoijaza.

Kuna dogo lingine. Zamani mwongozaji aliweza kukaa kiti cha akiba nyuma ya marubani akaona wanavyofanya kazi. Masharti ya ulinzi baada ya mashambulizi ya ndege Marekani mwaka 2001 yamekifunga kiti hicho sehemu nyingi. Tafuteni namna ya kukifungua kwa watumishi wenu waliokaguliwa, na mwanafunzi wa urubani naye apandishwe mnarani kabla hajapewa leseni, akae humo wakati wa dhoruba. Gharama yake ni nauli ya Soroti mpaka Entebbe na chakula.

Ofisi zenu zinapokea barua nyingi. Kama hii itajibiwa kwa jambo moja tu, naomba liwe hili la ripoti: waraka wenye sahihi ya Mkurugenzi Mkuu, unaosema kwamba mwongozaji au rubani atakayeripoti mwenyewe kutoelewana, bila nia mbaya na bila kuwa amelewa, hataadhibiwa kwa alichokiripoti. Ubandikwe ndani ya kila mnara, kuanzia Entebbe hadi Arua, Gulu na Kasese, na nakala ipelekwe kwenye vibanda vya marubani Kajjansi. Mengine tunaweza kuyajadili nikiitwa. Naishi karibu.

Wenu katika kazi,

Mwongoza ndege mstaafu
Entebbe